Matar kwa Mataar: Nilivyompeleka Bibi Kutafuta Mvua Austria

Wasee wa Najma, hapo Doha, acheni kunitumia picha za suruali yangu. Najua ilibaki kwenye kamba pale juu ya paa, najua imekauka mpaka inaweza kusimama yenyewe, na najua Odhiambo ameshaivaa kanisani akijifanya ni yake. Kila siku mnauliza kwenye grupu: Profesa, ulipotelea wapi bila kuaga? Mara ya mwisho mliniona nikitoka kwenda kuipokea familia uwanja wa ndege, nikasema jioni tutakula githeri pamoja. Githeri ikalala, mimi nikaonekana Kenya. Basi leo nina kiti, nina chai, na nimefungiwa ndani na mvua. Nitawasimulia yote. Mambo ya viza na kupiga picha za uso usiocheka nitayaruka, maana sijawahi kuona safari iliyonogeshwa na hayo.

Lusail: likizo inaota mabawa

Mnajua nilivyoisubiri likizo yangu. Binti yangu Cheptoo alizaliwa nikiwa barabarani kuelekea Lusail, nyumbani kwa bosi, na gari limejaa tende, na tangu siku hiyo ananijua kwa simu tu. Kwetu simu tunaiita foni. Mke wangu akimwuliza "Baba yuko wapi?" mtoto haonyeshi mlangoni kama watoto wa watu. Anaiendea foni kwenye kabati, anabusu kioo, anailaza kitandani na kuifunika shuka. Kwa Cheptoo, baba ni kitu cheusi chembamba kinachohitaji chaji.

Sasa wiki ya likizo ikafika, na bosi wangu Baba Fahad akaniita sebuleni. Familia nzima inakwenda Austria, akasema, na dereva anatakiwa. Likizo itangoja. Alisema "itangoja" kwa upole, kama vile likizo yenyewe ilikuwa imeomba kupumzika.

"Tunakwenda kufanya nini huko, Baba Fahad?"

"Kuangalia mvua."

Nilidhani Kiarabu changu kimekwama. Lakini ndivyo ilivyo, wasee. Watu wenye uwezo pale Ghuba kiangazi kikiwaka huruka hadi milima ya Ulaya, wanakaa kwenye baraza na kutazama maji yakidondoka. Mimi nimetoka Kericho, ambako mvua huja kila alasiri kama mdai, na hakuna aliyewahi kuiwekea viti.

Aliyeitaka mvua hasa ni mama yake Baba Fahad, yule ajuza tunayemwita Mama Kabira. Alikuwa kwenye kochi lake na fimbo mapajani, akisikia kila kitu.

"Kibrob," akaniita. Kiarabu hakina P, kwa hiyo mimi Kiprop jina langu huvuliwa viatu mlangoni. "Mbona uso umekunjamana?"

Nikamweleza habari za Cheptoo na foni iliyofunikwa shuka. Akasikiliza yote.

"Na hilo jina lako lina maana gani?"

"Mtoto aliyezaliwa mvua ikinyesha, Mama."

"Matar?"

"Matar."

Akacheka mpaka fimbo ikaanguka. Nyinyi mnajua kwamba matar kwa Kiarabu ni mvua, na ukiivuta kidogo mwishoni, mataar, inakuwa uwanja wa ndege. Ajuza akaona utani wa bure mbele yake na hakuuacha upite.

"Basi tufanye hivi. Wewe nipe matar, mimi nikupe mataar."

Akamgeukia mwanawe. Baba Fahad akaweka mkono kifuani na kusema neno la mama ni neno.

Mimi nikavimba. Nikawaambia wasiwe na shaka, mlima mrefu hauwezi kukosa mvua: upepo unapanda, unapoa, mawingu yanajaa, maji yanashuka. Swali hilo nilikutana nalo kwenye mtihani wa jiografia, shule ya jioni, na nikalijibu mpaka kalamu ikatoa moshi. Niliongea kwa ufasaha kiasi kwamba hata watoto waliacha michezo yao. Kichwani nilikuwa nimeshapanda ndege ya Nairobi.

Angani na barabarani: nchi iliyosimama wima

Tulisafiri wote pamoja na pasi yangu. Pasi ilikaa mbele, daraja la wakubwa, ndani ya mkoba wa Baba Fahad. Mimi nilikaa nyuma karibu na choo. Nasikia mbele walipewa juisi ya komamanga, na sitashangaa kama pasi ilionja.

Tulishuka Munich, ambayo ni Ujerumani, kwa sababu huko tuendako ni nchi ya ndani kabisa, haina bahari, na sisi tuliingia kwa kupitia uani kwa jirani. Nikakabidhiwa gari kubwa kama nyumba ya bati na tukaelekea kusini. Kwanza kulikuwa na tambarare. Halafu ardhi ikakasirika. Milima ikainuka kushoto, ikainuka kulia, mingine ilikuwa mirefu hivi kwamba nilifungua kioo na kutoa kichwa ndipo nikaona kilele, na kilele chenyewe kilikuwa na theluji mwezi wa joto. Mwalimu alitufundisha kwamba zaidi ya nusu ya Austria ni milima. Alikuwa mpole. Nchi ile imesimama wima. Ukidondosha chungwa pale, unalifuata mpaka nchi nyingine.

Sasa jiulizeni, watu wa namna hiyo wanakula nini? Bahari hawana, mafuta hawana, tambarare ya kutosha kulima ni ya huko mashariki. Wao wameuza mteremko. Majira ya baridi wanauza theluji, watu wanalipa kuanguka juu yake. Kiangazi wanauza majani mabichi, mvua, na ng'ombe waliovalishwa kengele. Maji yanayoporomoka wameyafungia mitambo, yanatoa umeme kabla hayajapumzika. Nikawa naendesha huku nikihesabu vya kwetu Kericho: mlima upo, mvua ipo, majani mabichi yapo, ng'ombe wapo. Tulichosahau ni kengele. Kwa hiyo wao wanapokea wageni na sisi tunaendesha wageni.

Tulifika kijijini siku ya Jumapili, na hapo ndipo tulipokutana na kucheleweshwa kwa kwanza. Watoto walitaka maziwa. Duka limefungwa. La pili limefungwa. Kijiji kizima kimefungwa kana kwamba kuna msiba wa kitaifa. Ng'ombe wamesimama kando ya barabara, viwele vimejaa, wanatutazama, na maziwa hakuna. Nilimwuliza mzee mmoja aliyekuwa akimwagilia maua ni lini maziwa yatapatikana.

"Kesho," akasema.

"Na ng'ombe nao hawafanyi kazi Jumapili?"

Akafikiria kwa makini. "Wao wanafanya. Duka ndilo halifanyi."

Kijijini: kesi ya foni

Tulipanga nyumba ya mbao karibu na ziwa kwa mama mmoja mnene mwenye mashavu mekundu, jina lake Leni. Alikuwa akiishi ghorofa ya chini na kuongea Kiingereza chenye magamba ya Kijerumani. Mimi nilipewa chumba pembeni yake.

Asubuhi ya kwanza Mama Kabira alitoka barazani amejiandaa. Koti la mvua juu ya abaya, mwavuli, viatu vya mpira vya manjano. Akakaa. Jua likatoka. Likawaka. Upepo wa joto ukaanza kushuka kutoka mlimani, upepo mkavu, wa kuupasua mdomo. Ningefumba macho ningesema nipo Najma nyuma ya mtambo wa AC. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu ajuza alinitazama kutoka ndani ya kofia ya koti, jasho likimtiririka.

"Kibrob, matar iko wapi?"

"Inakuja, Mama. Mlima hauwezi."

"Mlima unaweza," akasema. "Nauona unaweza."

Baba Fahad alianza kunitania mbele ya watoto. Kila nikipita ananyoosha kiganja hewani kama anayepima matone. "Profesa wa mvua," anasema, "leo nivae nini?" Na mimi kila nikimtazama naona mkoba wake, na ndani ya mkoba naona pasi.

Jioni nilikuwa nampigia mke wangu, na kama kawaida ya watu wa kwetu, nilikuwa nikiongea kana kwamba sauti ndiyo inayobeba mtandao. Asubuhi nikamkuta Leni jikoni ameshika kichwa kwa mikono miwili.

"Vibaya leo," akasema. "Ni foni."

Nikaganda na kikombe mkononi.

"Foni ikiwapo silali," akaendelea. "Kichwa kinagonga. Mume wangu anakuwa mkali. Hata ng'ombe wanakosa raha."

"Samahani sana, mama. Nitaizima."

Akafungua jicho moja. "Utaizima?"

"Leo hii."

"Ukiweza kuizima," akasema, "kijiji kizima kitakushukuru."

Niliona aibu ya kutosha mtaa mzima. Nikaenda kununua mkate, muuza mkate naye amejifunga kitambaa kichwani anamlalamikia mteja: foni, foni. Kwenye kituo cha mafuta, foni. Kumbe habari zangu zimeenea. Kijiji kile kimya namna ile, mtu mmoja wa Kericho akiongea na mkewe kinaumwa kichwa mpaka ziwani. Nikaizima foni na kuitia chini ya godoro.

Siku mbili. Siku mbili bila kuongea na nyumbani, na upepo ukizidi kuvuma. Siku ya tatu uvumilivu ukaniishia, nikaiwasha nikiwa nimejificha bafuni. Jumbe za mke wangu zikamiminika. Kwamba Cheptoo ameibusu foni na foni haikuamka. Kwamba ameikalisha karibu na jiko, maana Baba amekuwa baridi.

Nilitoka bafuni na hasira zangu zote, nikaenda moja kwa moja kwa Leni. Nikamwambia nimeizima foni siku mbili, mtoto wangu analia, na yeye kichwa bado anakishika, sasa anieleze foni yangu imemkosea nini.

Akanitazama. Akaitazama foni mkononi mwangu. Halafu akakaa chini, kwenye sakafu ya jikoni kabisa, akacheka mpaka mumewe akaja kuona nani amekufa. Alipopata pumzi akanieleza. Foni yao ni upepo. Ndilo jina lake kwa Kijerumani. Unatoka kusini, unapanda mlima upande wa pili, unamwaga mvua yake yote huko, halafu unavuka na kushuka huku mkavu na wa moto, unaumiza vichwa na kuyeyusha theluji.

Wasee, hapo nikasikia sauti ya mwalimu wangu wa shule ya jioni. Mlima ubaoni kwa chaki, upande mmoja mvua, upande mwingine kivuli cha mvua. Swali lilikuwa na sehemu ya kwanza na ya pili. Mimi niliijibu ya kwanza kwa madoido, kengele ikalia.

"Kwa hiyo sasa hivi mvua inanyesha?"

"Inanyesha sana," akasema Leni, akinyoosha kidole kwenye mlima uliokuwa umesimama mbele ya dirisha lake maisha yake yote. "Nyuma ya huo. Kuna handaki."

Handakini: kutoka jua hadi mvua

Baba Fahad alikuwa ziwani na watoto, wakizunguka kwa mashua ya kukanyaga kwa miguu. Nikapanda barazani. Mama Kabira alikuwa na koti lake, kofia kichwani, mwavuli mapajani, kama askari aliyesahauliwa lindoni.

"Mama, matar iko upande wa pili."

Hakuuliza upande wa pili wa nini. Aliinuka.

Tukapanda na gari, barabara ikijikunja, ng'ombe wakitutazama kwa kengele zao, mpaka tukafika penye mdomo wa handaki. Nyuma yetu anga ya buluu, jua la kukausha kuku. Tukaingia. Handaki lile ni refu hivi kwamba nilianza kumkumbuka mke wangu upya. Taa, taa, taa. Ajuza alishika fimbo yake.

Tukatoka upande wa pili na kioo cha mbele kikapigwa maji kama mtu amemwaga karai. Wingu limekaa barabarani. Milima haionekani. Mifereji inanguruma. Nikawasha vifuta kioo, na sikuwa nimevigusa tangu Munich.

"Simama," akasema.

Nikasimama kando, nikakimbia kumfungulia na mwavuli. Akausukuma mwavuli. Akavua kofia ya koti. Kisha, polepole, akishikilia mlango, akavua viatu vya manjano, akasimama kwenye majani. Nilitarajia kilio, au dua ndefu. Akanusa.

"Ina harufu," akasema. "Nilikuwa nimeshasahau kwamba ina harufu."

Akaniambia kwamba Doha ya utoto wake, kabla ya minara ya West Bay kuota, mvua ikija watoto wa mtaa walitoka wote na masufuria vichwani, kwa kelele za matone. Ndugu zake waliokuwa wakikimbia naye hakuna aliyebaki. Nikamwuliza kama anataka sufuria. Akanipiga na fimbo mguuni, lakini si kwa nguvu.

Tulikaa hapo mpaka abaya ikawa nzito kama blanketi. Baadaye tukaingia kwenye mkahawa mmoja wa kando ya barabara, tukiacha ziwa kila tulipokanyaga, na mwenye mkahawa akatuletea chakula cha kule. Kumbe upande ule wa mlima wanakula ugali. Ugali wenyewe ni wa manjano, wameupa jina la Kiitaliano na kuulaza chini ya jibini ili usitambulike, lakini mimi nilimtambua ndugu yangu mara moja. Nikafinyanga tonge kwa mkono. Mhudumu akaniletea kijiko, nikamshukuru, nikakiweka kando. Ajuza akanitazama, akafinyanga lake.

"Nimelowa," akasema mdomo umejaa. "Matar kwa mataar."

Munich hadi Doha: mataar ya aina gani

Baba Fahad alitukuta tunaingia nyumbani tumelowa chapachapa, akapiga kelele kuhusu mapafu ya mama yake, halafu mama yake akamwambia neno moja: mataar. Kesho yake akanipa bahasha yenye pasi na tiketi, akatabasamu, akanipakia kwenye teksi. Leni akanifungia mkate na jibini kwa safari. Niliondoka nikiimba.

Pale Munich nikaitoa tiketi kwenye bahasha kwa mara ya kwanza. Doha. Nikaigeuza nyuma. Doha. Nikampigia Baba Fahad.

"Kuna kosa hapa. Tiketi inaishia Doha."

"Hakuna kosa. Nyumba lazima ipozwe kabla hatujafika, na magari yawashwe."

"Lakini Mama aliahidi."

"Mama alisema mataar," akajibu, taratibu kama mwalimu. "Sasa hivi uko wapi?"

Nilitazama huku na huku. Nilikuwa mataar.

Na Doha pia nilishukia mataar, kwa hiyo ahadi ilitimizwa mara mbili. Jamaa wa ofisi yake alikuwa ananisubiri nje, akapokea pasi kabla sijauzoea uzito wake. Ijumaa ile nilipokuja Najma kufua, mkaniuliza Austria ilikuwaje nami nikala chapati zenu zote bila kujibu, sababu ndiyo hiyo.

Siku ya kuwapokea ikafika. Joto la kupikia. Familia ikatoka, mizigo mlima mwingine, na Mama Kabira kwenye kiti cha magurudumu. Aliponiona akafurahi.

"Kibrob, umesharudi? Binti yako alikujua?"

Nilikuwa nimejiandaa kusema mambo mengi. Nikasema, "Sijafika, Mama. Mlinipa mataar, nami mpaka leo niko mataar."

Hakucheka. Akamtazama mwanawe, na Baba Fahad akaanza kukagua mizigo kwa bidii. Tukapakia. Tukampandisha ajuza garini. Nikashika usukani.

"Usiwashe," akasema.

"Mama, joto," akasema Baba Fahad.

"Mimi nilimpa neno, wewe ukachezea herufi. Hatuondoki hapa mpaka aondoke yeye."

Tulikaa. AC imezimwa, gari limejaa, watoto wanalia, Baba Fahad kanzu imegandia mgongoni. Akabembeleza. Ajuza akafumba macho. Baba Fahad akapiga simu moja, akapiga ya pili. Kama Leni angekuwepo angejua foni nyingine inayoumiza kichwa. Mwisho jamaa wa ofisi akaja mbio na pasi, na tiketi ikapatikana ya jioni hiyo hiyo, Nairobi. Mama Kabira akaniwekea pasi mkononi yeye mwenyewe, akakunja vidole vyangu juu yake.

Kwa hiyo hata suruali sikuweza kufuata. Na aliyeendesha gari kurudi Lusail ni Baba Fahad mwenyewe, ambaye hajashika usukani tangu apate dereva. Nasikia alizunguka West Bay mpaka walinzi wa hoteli wakaanza kumpungia mkono.

Kericho: hakuna aliyelipa

Nimefika. Inanyesha tangu mchana. Bati linapigwa mpaka mke wangu na mimi tunaongea kwa ishara, na mama yangu ameweka karai chini ya tundu akiisema mvua maneno ambayo watu wa Ghuba wangelipia kuyasikia.

Cheptoo siku hizi ananikubali kama mgeni. Ananiletea stuli. Nikimwambia "mimi ndiye Baba" anacheka kwa adabu, anaiendea foni na kunionyesha Baba.

Leo mchana Mama Kabira alinitumia ujumbe wa sauti: nimpigie, nimsikilizishe. Nikasimama mlangoni na ile foni ya kabatini, nikapiga, nikanyoosha mkono nje chini ya ukingo wa bati, maji yakanimwagikia mpaka kwapani. Cheptoo akaona Baba yake analoweshwa. Akaja mbio, akaning'ang'ania mguu akilia, mpaka nikainama na kumpa foni. Akaipangusa kwa gauni lake, akaibusu, akasema, "Baba."

"Marhaba," foni ikajibu, kwa sauti ya bibi kizee. "Na baba yako yuko wapi?"

Mtoto akaishusha. Akaitazama mbele, akaigeuza nyuma. Sauti ya Baba haikuwemo. Akatazama jikoni, akatazama kitandani penye shuka, halafu akainua macho, taratibu, akaanza kunikagua kuanzia viatu.